Papa Ananie na Mbuzi ya Virusi

Mu biro ya koperative ya kakao, kule Butembo, kuko brevet moja, cheti ya masomo, mu kioo, yenye kutundikwa juu ya kiti ya Papa Ananie, fasi ata mutu mwenye kuingia kuomba maji ya kunywa lazima aione. Brevet inasema kama Papa Ananie alifuata formation, masomo ya siku tano, juu ya kulinda mashini ya biro, ile ordinateur, na wezi na virusi. Siku tano nzima! Mbili kati yake alisinzia, mais brevet haiandikake habari ya usingizi.

Papa Ananie eko na miaka makumi tano na mbili, tumbo ya heshima, na miwani yenye anavaa kwa kusoma na yenye anatoa kwa kusema. Yeye njo chef ya biro. Kazi ya ile biro haina nguvu kuelewa. Kuko bakulima ba kakao elfu moja na mia mbili, kutoka Kasugho mupaka upande ya Beni, na kila mumoja eko na fishi yake: jina, shamba, miti ngapi. Majina yote inaingia mu mashini, inakuwa liste. Mununuzi wa mbali, ule mwenye kulipa muzuri, anapokea tu kakao ya mutu mwenye kuwa ku liste. Kama jina yako haiko, unarudi kwa banunuzi ba barabara, bale ba kilo yenye kupungukaka njiani. Donc ile liste ni chakula ya batu. Hiyo kila mutu alijua.

Nyuma ya formation, Papa Ananie alirudi na moto mingi. Aliita batu ba biro, na Muzee Jacob, président ya koperative, mukulima wa Kasugho mwenye mikono kama mizizi. Papa Ananie akatoa miwani.

— Virusi inaingilaka fasi gani? Mu kle!

Kle ni ile kitu kidogo kama kidole, yenye batu banabebea maandishi, picha na miziki kutoka mashini moja kwenda mu ingine.

— Mutu anajazisha kle yake ku soko, ku bale ba kuuzisha miziki, anakuya kuichomeka hapa. Ni uzembe. Na uzembe, siye kwetu, tunajua dawa yake. Amande!

— Amande gani? Muzee Jacob aliuliza.

— Mbuzi moja.

Batu balipiga makofi. Unaelewa: kwetu, mutu mwenye kukosa analipa amande, analeta mbuzi, na mbuzi haitunzwake mu kabati. Analipa mumoja, banakula bote. Hakuna sheria yenye ilipendwaka haraka vile.

Mbuzi ya kwanza ilitoka kwa Ramazani, shofere ya koperative, Muislamu wa Beni, mutu mwenye mudomo bila freni. Alileta kle kutoka depo ya Beni, mashini ikaanza kulia pii-pii-pii, juu Papa Ananie alikuwa ametia mule antivirus, ule mulinzi wa mashini, na sauti ya juu kabisa, ili ata bajirani basikie. Ramazani alilipa. Aliichinja yeye mwenyewe, asema:

— Muandike: niko mutu wa kwanza mu Congo mwenye kuchinja amande yake na bismillahi.

Miezi mitatu balimuita Papa Virusi. Ata mama wa mandazi, ule wa mbele ya mulango, alikuwa anamuuliza kila asubuhi kama ugonjwa imepona.

Mbuzi ya pili ilitoka kwa Nadège, mwenye kuandika majina mu mashini. Nadège ni mutoto wa Kanyabayonga. Tangu vita ilifika kule, bazazi bake na badogo bake beko kwake, batu saba mu byumba bibili, na mushahara ni ile yake moja. Ile mbuzi ilimeza mushahara ya mwezi muzima. Siku ya kula, alikaa pembeni na sahani ya bugali, akasema tumbo inamuuma. Papa Ananie alimuongezea figo, kwa huruma.

Nyuma ya pale, virusi ikaisha. Kabisa! Mwezi moja, miezi mitano, mwaka. Ku mukutano mukubwa ya bakulima, Papa Ananie alitoa miwani, akatangaza: tangu tuliweka mbuzi, hatujaona virusi ata moja. Makofi, na wamama balipiga vigelegele. Jioni yake alimuambia bibi yake, Kavugho:

— Unaona? Batu banataka kuchungwa.

— Ao umebafundisha kuficha, Kavugho akajibu, na akaendelea kuchambua maharagi yake.

Papa Ananie alicheka. Wanawake bajue nini juu ya mashini.

Mais virusi ilikuwa inaingia kila wiki. Kusema tu njo kuliisha. Mashini ikianza kulia, mutu anakimbia kupunguza sauti mbele mwenzake asikie, juu mwenzake eko tayari anawaza nyama. Kisha mumoja akajifunza namna ya kumuzima ule mulinzi kabisa wakati chef ametoka kula, na kumuamusha kama chef anarudi. Akafundisha wa pili kwa bei ya soda. Maneno mekundu ikitokea ku kioo ya mashini, banafunga na kusali. Mu ule mwaka wa makofi, mulinzi alilala kuliko mulevi.

Sasa, Papa Ananie eko na mutoto wa yaya yake, ndugu yake mukubwa, binti anaitwa Anne-Marie. Ile dot ya Anne-Marie, mahari yake, njo Papa Ananie alikuwa musemaji wa upande ya binti. Upande ya kijana ilikuya na mbuzi kumi. Papa Ananie alisimama, akakohoa, akabauliza kama kule kwabo mbuzi banahesabiaka na jicho moja. Batu balianguka na kicheko. Akaongea, akaongea, mupaka mbuzi ikafika kumi na mbili. Mupiga video alimutilia yote mu kle, ku kibanda yake pembeni ya soko, mu mashini yenye imeshapokea kle ya Butembo muzima bila kunawa mikono.

Nyumbani kwake hakuna mashini. Samedi, ile jumamosi yenye kufuata, nyuma ya saa sita, Nadège alifunga biro akaenda. Papa Ananie alirudi peke yake na ufunguo yake, akakaa chini ya brevet, akachomeka ile kle.

Pii-pii-pii!

Aliangalia dirisha. Aliangalia mulango. Mutu wa kuweka sheria, baba wa batoto sita, na moyo inaruka kama ya mutoto mwenye kuiba sukari. Ni dakika kumi tu, alijiambia. Na miye si mutu wa uzembe, niko na brevet. Akamuzima mulinzi. Akajiangalia. Ile fasi ya jicho moja aliirudilia mara tatu, akacheka peke yake mupaka machozi. Kisha, juu kle ilikuwa pale pale, akatia ndani barua ya depo ya Beni, ili asitafute ingine. Akafunga, akaenda ku nyumba na furaha. Mulinzi alimuacha amelala.

Lundi, jumatatu asubuhi, saa kumi na mbili, Ramazani alipita kuchukua barua mbele ya safari ya Beni. Papa Ananie alimupatia ile kle ku dirisha ya gari.

— Umupatie Bilali, karani ya depo. Aitie mu mashini yake leo leo.

— Sawa, chef.

Saa mbili, Nadège alifungua mashini, na liste haikufunguka. Akajaribu fishi ya Kasugho: hapana. Kila kitu ilikuwa imebadilika jina, herufi tupu kama kuku amepita juu yake. Katikati ya kioo kulikuwa maneno ya Kifaransa: bintu byenu byote tumefunga, mulipe, njo tufungue.

Balimuita Melchior, fundi wa mashini, akakuya na pikipiki. Aliangalia, akaangalia tena. Muzee Jacob alikuwa ameshafika, amesimama na kofia ku mukono kama mu matanga.

— Hii haina ile ya kuchekesha, Melchior akasema. Hawa banafunga nyumba yako, kisha banakuuzisha ufunguo.

— Tulipe? Muzee Jacob aliuliza.

— Muzee, mwizi mwenye umelipa leo amejua tu kama unalipaka. Kopi hamuna?

— Iko moja, Nadège akasema, na sauti kidogo. Nilituma mwezi ilipita. Iko mu mashini ya Beni.

Melchior alipumua.

— Bon. Tunapona. Mais munisikilize bote. Hii virusi inasafiri na kle. Inalala siku moja, mbili, kisha inaamuka. Kama kle yenye iliingia hapa inaingia mu ile mashini ya Beni, kopi nayo inakufa, na hakuna mutu wa kuifufua. Sasa: nani alichomeka kitu hapa samedi? Na kuko kle yenye imetoka hapa kwenda Beni?

Papa Ananie akahesabu mu kichwa. Ramazani alitoka saa kumi na mbili. Kama barabara ya Maboya haina matope, saa hii eko anaingia Beni. Mudomo yake ilifunguka. Batu bote balimuangalia, banangoja neno ya mwenye brevet. Mudomo ikafunga.

Muzee Jacob aligeukia Nadège.

— Samedi nani alifunga biro?

— Ni miye, Muzee. Mais sikuchomeka kitu.

— Ata ile mbuzi ya mwaka ilipita, nafikiri ulianza na kukana.

— Hapana, Muzee. Mwaka ilipita nilikubali. Njo maana nililipa.

Muzee Jacob si mutu mubaya. Mais liste ilipashwa kutumwa mercredi, kisha siku mbili tu, na mule ndani kulikuwa majina ya Kasugho nzima, bajirani bake, bakwe bake, na yeye mwenyewe, namba tatu. Kama mercredi inapita, kakao ya bote inarudi kwa banunuzi ba barabara. Alikuwa na woga, na woga inatafutaka mutu wa karibu.

— Hii haina ya mbuzi tena, akasema. Acha ufunguo ya droo ku meza, binti yangu. Uende nyumbani. Comité itakuandikia.

Nadège hakulia. Alifungua fundo ya kitenge yake, akatoa ufunguo, akauweka ku meza mbele ya Papa Ananie kabisa, juu yeye njo chef wake. Kisha akabaki pale amesimama. Miaka ine alimufanyia kazi, alimuletea chai, alimuandikia ma rapport yenye yeye anatia tu signature. Alikuwa anangoja neno. Neno moja tu ya kumutetea, ata ya uongo.

Papa Ananie aliangalia ule ufunguo vile mutu anaangalia nyoka mu kitanda.

— Ninatoka kidogo, akasema. Kukojoa.

Nyuma ya biro, kati ya choo na kakao yenye kuanikwa ku jua, alipiga simu.

— Allô, Ramazani! Uko wapi?

— Ku depo, chef. Sasa hivi. Ata chai sijagusa.

— Na ile kle?

— Bilali eko nayo ku mukono, anangoja mashini iwake.

— Asichomeke! Uichukue, unirudishie.

— Juu ya nini? Barua si iko ndani?

Kulikuwa neno moja tu ya kujibu. Virusi. Mais hiyo neno, Papa Ananie mwenyewe alikuwa ameipatia miguu ine na pembe, akaipita pembeni.

— Iko... iko na dot ya Anne-Marie ndani. Mambo ya familia. Haina ya kuonyesha batu.

Ramazani alicheka mupaka Papa Ananie akatenga simu na sikio.

— Ile dot yenye nilibeba bakwe mu gari yangu, na chakula nikaisikia tu harufu ku dirisha? Eeh, Bilali! Chomeka, ndugu yangu! Leo tunakula na macho!

— Ramazani, hapana!

— Likambo te, chef, hakuna neno. Tunaangalia kidogo tu, ile fasi ya mbuzi...

— Mutoe mukono! Iko na virusi! Ni miye niliitia! Samedi! Ni miye nilizima mulinzi, ni miye, acheni ile mashini!

Mu simu ikarudi sauti ya Ramazani, ya chini, bila muchezo kwa mara ya kwanza tangu azaliwe:

— Ameacha. Iko mu mufuko yangu sasa. Chef... pole.

Papa Ananie aliinua macho. Dirisha ya biro ilikuwa wazi. Melchior alikuwa pale, na Muzee Jacob, na Nadège mwenye alikuwa amefika ku mulango na sakoshi yake ku bega. Ku upande ya barabara, mama wa mandazi alikuwa amesimama na kijiko juu, mafuta inatiririka ku mukono, naye hasikie ata moto. Papa Ananie alikuwa amepiga kelele kama mutu mwenye nyumba yake inaungua.

Kutoka choo mupaka ndani ya biro ni hatua kumi na tano. Aliitembea kama mutu anapanda mulima ya Lubero na mufuko ya viazi ku kichwa.

— Ni miye, akasema.

— Tulisikia, Muzee Jacob akajibu. Nafikiri ata Kasugho balisikia.

Hakuna mwenye alicheka. Hiyo njo ilimuuma kabisa. Kama bangelimucheka, angelijua fasi ya kuweka uso yake. Balimuangalia tu, kama vile batu banaangalia mutu mwenye nguo imepasuka nyuma na hakuna mwenye kutaka kumuambia.

Melchior alikuwa amefungua kitu ingine mu mashini.

— Muzee, kuko ingine. Mashini inatunzaka kila kitu. Hapa hakuzimwa samedi tu. Mu hii mwaka, mulinzi amezimwa mara mia moja na kumi na ine.

— Mia moja! Muzee Jacob alishika kofia na mikono mibili. Nani?

— Ni siye bote, Nadège akasema pale ku mulango.

Na sauti yake haikuwa tena kidogo.

— Mbuzi ni mushahara ya mwezi, Muzee. Mutu akisema, ule mwezi umekufa, ni hakika. Akinyamaza, pengine hakuna kitu itafika, na ikifika, ni liste ya koperative njo inaharibika, si sufuria yake. Weye ungelichagua gani? Na tena mulifanya bengine bakule nyama. Nilikuwa na virusi mu mashini, na batu beko banatafuta chumvi. Nani angelinisaidia?

Muzee Jacob alikaa. Alizungusha kofia yake polepole, mutu mwenye anafikiri na mikono.

— Kule kwetu Kasugho, akasema, mukulima akiona ugonjwa ku muti yake ya kakao, anapiga kelele mupaka ngambo ya mutoni. Tunakuya bote na mapanga, tunakata naye, tunamupatia muche mupya. Bure! Juu akificha, wiki yenye kukuya ugonjwa iko kwangu. Siye batu ba kupanda miti tunajua hiyo. Ananie, bale ba formation habakukufundisha hiyo?

— Balifundisha, Muzee, Papa Ananie akasema, na macho ku sementi. Ilikuwa siku ya ine. Nilikuwa ninasinzia.

Ile mbuzi ilikufa pale pale, na bila kuchinjwa. Muzee Jacob alisema: kuanzia leo, mutu mwenye kuona virusi na kusema siku ile ile, hana deni, na koperative inalipa Melchior kumusaidia. Mwenye kuficha, na ikajulikana, njo atakutana na comité. Akachukua ufunguo ya droo ku meza, akamurudishia Nadège na mikono mibili, akamuomba radhi mbele ya bote. Papa Ananie alitaka kusema naye kitu. Neno haikukuya. Yeye, mwenye kutoa mbuzi mbili mu mudomo ya bakwe!

Nyuma ya saa sita, Ramazani alirudi na kopi mu kle mupya kabisa, yenye ilitoka mu plastiki yake mbele ya macho ya Bilali. Aliipatia Melchior, akamupita Papa Ananie bila kumuita jina yoyote. Ata Papa Virusi hakusema. Kwa Ramazani, hiyo ilikuwa heshima, na ilimuuma Papa Ananie kuliko matusi.

Mu kopi majina elfu moja ilikuwamo. Ile yenye iliandikwa nyuma ya kutuma kopi haikuwamo: bakulima mia mbili, bote ba Kasugho, walibaki tu ku karatasi. Mbele ya mercredi ilipashwa kuandikwa yote upya. Donc balikaa bawili, Nadège mbele ya mashini, Papa Ananie pembeni na fungu ya fishi, yeye anasoma, Nadège anaandika. Majina ishirini, majina makumi tatu. Nadège hakumuangalia.

— Papa Ananie.

— Eeh, mama.

— Kama Ramazani angelikubali kurudisha ile kle bila kuuliza, ungeliingia kusema? Ao ningelienda nyumbani na sakoshi yangu?

Papa Ananie alitoa miwani. Alijua kusema, maneno muzuri ilikuwa inakuya yenyewe, imepangwa, inangoja tu afungue mudomo: kama alikuwa anatafuta wakati, kama alitaka kwanza kuokoa kopi, kama yeye ni muzazi. Akarudisha miwani.

— Ningelinyamaza, akasema. Ungelienda.

Nje, mama wa mandazi alikuwa anahadisia mutu, na ule mutu alikuwa anasema, haki ya Mungu? haki ya Mungu?

— Jina yenye kufuata, Nadège akasema.

Papa Ananie alichukua fishi, akaisongeza ku macho.

— Kahongya Mathe. Shamba moja. Miti mia tatu na makumi ine.

— Sisikie. Sema na nguvu.

Akasoma tena.